Orodha ya maneno bado ina kazi yake

Katika tafiti za mifumo ya taarifa siku hizi, anayepima lugha ya ripoti za fedha kwa kuhesabu maneno yaliyomo kwenye orodha ya maneno mabaya au mazuri huonekana amepitwa na wakati. Google ilitoa BERT, programu ya kompyuta iliyofunzwa kusoma lugha, mwaka 2018, kisha zikafuata FinBERT, aina zake zilizofunzwa kwa maandishi ya fedha. Tangu hapo wengi wanauliza kwa nini mtu ahangaike na hesabu za maneno ilhali ipo mashine inayosoma sentensi nzima. Swali ni la haki. Hata hivyo, naona upande wa orodha umeeleweka vibaya, na mkopeshaji akianza kupima barua za wateja kwa mashine hizo, hasara yake itampata mwombaji wa mkopo kabla ya kumfikia mtafiti yeyote.

Mwaka 2011 Tim Loughran na Bill McDonald walichapisha uchunguzi wa ripoti za mwaka ambazo kampuni za Marekani huwasilisha kwa mamlaka ya masoko ya hisa, kuanzia 1994 hadi 2008. Kabla yao watafiti wengi waliazima kamusi ya Harvard, iliyotungwa kwa ajili ya saikolojia na sosholojia. Wawili hao walikuta kwamba karibu robo tatu ya maneno ambayo kamusi hiyo iliyahesabu kuwa mabaya hayana ubaya katika lugha ya fedha.

Robo tatu ni nyingi mno kuitwa dosari ndogo. Neno “vice”, ambalo kwa kamusi ile ni uovu, ndani ya ripoti ni sehemu ya cheo cha makamu wa rais wa kampuni. “Liability” ni dhima, na dhima imo katika mizania ya karibu kila kampuni. “Mine” na “cancer” ziliwaangukia wachimba madini na watengenezaji wa dawa za saratani, ambao hawawezi kueleza kazi yao bila kuyataja maneno hayo. Kwa hiyo mchambuzi aliyeamini kuwa anapima hofu ya menejimenti, mara nyingine alikuwa anapima tu kampuni iko katika sekta gani. Na lililo kubwa kwangu ni kwamba kosa hilo lilionekana. Orodha ilikuwa wazi, watu wanaoijua fedha wakaifungua, wakasoma neno moja baada ya jingine, wakakataa yasiyofaa na kutunga orodha yao ya maneno mabaya 2,337. Kosa la namna hiyo likiwa ndani ya mamilioni ya vigezo vya BERT, yaani namba zinazoongoza usomaji wake, hakuna ukurasa wa kufungua na kulikagua kwa macho.

Wanaopendelea mashine mpya wana hoja nzito, na Kiswahili kinazitia uzito zaidi. Mteja akimwandikia mkopeshaji “nimemaliza deni”, mhesabu maneno huona “deni” na kumwekea alama mbaya, ilhali hakuna habari njema kuliko hiyo. Ukanushi nao umefungwa ndani ya kitenzi: “tulilipa” na “hatukulipa” zina mzizi mmoja, na orodha isiyojua sarufi yetu itazichanganya. Tena orodha iliyo wazi inaweza kukwepwa. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba baada ya 2011, kampuni ambazo ripoti zake hupakuliwa sana na mashine zilipunguza maneno yaliyomo katika orodha ya Loughran na McDonald. Katika kuainisha sentensi za fedha, FinBERT imeonyesha usahihi mkubwa kuliko orodha, na sioni sababu ya kubishana na hilo.

Lakini usahihi wa jumla haumsaidii afisa mikopo aliyeketi mbele ya mama lishe aliyenyimwa mkopo, anayetaka kujua ni kwa nini. Orodha humpa afisa kitu cha kuonyesha: maneno haya, katika barua hii, ndiyo yaliyoshusha alama zako. Mama lishe anaweza kujibu kwamba “kausha damu” aliyoitaja ni mikopo ya riba kali aliyoikimbia, wala haikuwa ugonjwa, na uamuzi ukarekebishwa hapo hapo. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotegemea mashine peke yake, isipokuwa katika hali zilizoainishwa, na hata katika hali hizo anaweza kuomba uamuzi ufikiriwe upya. Sijui haki hiyo itatumikaje ikiwa hata mkopeshaji hawezi kutaja kilichosomwa vibaya.

Kwa hiyo ningependa mashine mpya ipewe kazi ya kusoma na orodha ipewe kazi ya kuikagua, na pale zinapopingana, faili lisomwe na mtu. Ila kwa Kiswahili kazi itabidi ianzie chini. Orodha ya Kiingereza ikitafsiriwa tutarudia kosa la kamusi ya Harvard, kwa sababu “marejesho”, “mikopo chechefu” (isiyolipwa kwa wakati) na “kausha damu” yamezaliwa kwenye vikundi, SACCO na benki zetu. Wanaoyajua kwa uzito wake ni makatibu wa vikundi na maafisa mikopo, na hao ndio wa kukaa na mtafiti kabla hajaandika hata mstari mmoja wa programu.