Toleo Jipya Lipimwe kwa Mkono wa Tatu

Kila Desemba, kuanzia tarehe 20 hivi, barabara za kupanda mlimani zinajaa magari kutoka Dar. Aliyekulia Moshi ananielewa. Watu wanarudi nyumbani kula sikukuu kihambani, kwenye shamba la ukoo, mbuzi amefungwa nyuma ya jiko, na watoto wa mjini wanashuka garini wameshika gemu mkononi. Sisi tuliokuwa tunaishi Kibosho mwaka mzima tulikuwa tunawazunguka kabla hata hawajamsalimia bibi.

Gemu za mkononi nimezijulia pale, chini ya migomba, kwa zamu. Kabla yake tulikuwa na zile za matofali yanayoshuka, zilizojisifu kuwa na gemu 9999 ndani. Kisha binamu mkubwa akaja na PSP, gemu ya mkononi ya Sony, ile nene. Miaka miwili baadaye mdogo wake akaja na PSP nyembamba, na ile nene ikashuka kwa aliyemfuata. Mwisho wa safari ikabaki kwetu moja kwa moja, imechubuka pembe zote, kifuniko cha betri kimeshikwa na selotepu. Hivyo ndivyo mashine zote zilivyonifikia. Sijawahi kuwa mnunuzi wa kwanza. Mimi ni mkono wa tatu, pengine wa nne, na maoni yangu juu ya matoleo yaliyoundwa upya yanatokea huko.

Kila kampuni inapotoa umbo jipya la mashine ileile, wachezaji wanawaka. Wameondoa hiki, wamepunguza kile, kioo si kilekile, mbona bei haijashuka. Nimefuatilia ubishi huo kwa miaka mingi. Nusu yake una haki kabisa. Nusu nyingine unamwonea mtu ambaye hajaulizwa: yule atakayeipokea mashine mwenyewe wa kwanza akishaichoka.

Ile PSP nyembamba ni mfano mzuri. Sony waliitoa mwaka 2007, miaka mitatu baada ya ile ya kwanza kuingia madukani Japani, na uzito ukashuka kutoka gramu 280 hadi 189. Wengi walilalamika kwamba imekuwa nyepesi mno, plastiki tupu, haikai mkononi kama kitu cha thamani. Nasi kihambani tulisema hivyohivyo. Tulikuwa tunazipima kwenye viganja kama mama anavyopima parachichi sokoni, na ile nene ilishinda kila mara. Kisha chaja ya ile nene ikapotea. Hakuna jirani aliyekuwa nayo, na mashine yenyewe haikukubali moto kwa njia nyingine. Ile nyembamba ilikubali kuchajiwa kwa waya wa USB, waya uleule uliokuja na kamera ya baba mdogo. Krismasi ile nzima tulicheza kwenye mashine tuliyokuwa tunaidharau, na ile nzito ikalala kabatini pamoja na sahani za wageni.

Tangu siku hiyo, toleo jipya likitangazwa, jambo la kwanza ninaloangalia ni tundu la chaja. Naomba nikae hapa kidogo, maana wachambuzi wengi wanalipita kwa mstari mmoja. Nintendo, washindani wa Sony, walitoa DS, mashine ya kukunja yenye vioo viwili, mwaka 2004, nayo ilitumia chaja ileile ya mashine yao iliyotangulia, Game Boy Advance SP. Ikaja DS Lite mwaka 2006, nyeupe, nzuri, kila mtu akaisifia, na tundu likabadilishwa. Ikaja DSi mwaka 2008, likabadilishwa tena. Kuanzia hapo lilitulia, na kwa hilo nawashukuru: chaja ya DSi inaingia kwenye 3DS iliyoifuata, inaingia kwenye 2DS, inaingia hadi kwenye New 2DS XL ya mwaka 2017. Lakini ndani ya utulivu huo wakaja na jambo lingine. 3DS XL, ile yenye vioo vikubwa, ilipotoka mwaka 2012, Japani na Ulaya iliuzwa bila chaja kwenye boksi. New 3DS zilizofuata zikaendeleza mtindo huo. Hoja ilikuwa kwamba mnunuzi anayo tayari, ile ya mashine yake ya zamani.

Wachezaji wa kule walikasirika, na hapa nasimama nao bila kusita. Mtu akimpa mdogo wake mashine ya zamani, anampa na chaja yake. Hakuna anayegawa gemu akabaki na waya. Kwa hiyo hoja ile inamlazimisha ndugu mmoja kati ya wawili akae bila moto, na tunajua ni yupi atakayekaa. Ukikwama hivyo Moshi, unaanza kuzunguka: maduka ya simu, wauza waya wa stendi, mafungu ya vikorokoro kwenye soko la Memorial. Ukikosa unaishia kwa fundi, akate mkia wa chaja iliyokufa, aunge kwenye waya wa USB. Wangu aliniambia chaja ile asili yake ni volti 4.6, ya simu ni volti 5, na kwamba tofauti hiyo mashine itaivumilia. Iliivumilia. Lakini mtoto wa miaka minane hapaswi kutegemea solda ili acheze gemu ya sikukuu.

Sasa hiyo 2DS yenyewe. Mwaka 2013 Nintendo waliichukua 3DS, wakaondoa picha za 3D, zile zinazoonekana kuwa na kina, wakaondoa bawaba, wakabakiza ubao mmoja mnene juu na mwembamba chini. Watu waliiona wakasema ni kabari ya kuzuia mlango. Waliicheka kweli, watu wazima wenye mashine zao tatu nyumbani, kwa sababu haikunjiki na haipendezi. Nafikiri hayo ndiyo maoni yaliyokosea zaidi katika historia yote ya mashine hizi.

Mpwa wangu aliletewa moja na shangazi yetu aliyeolewa Ujerumani, nayo tayari ilikuwa imetumika. Imedondoka kutoka barazani ikatua kwenye mawe. Imekaliwa. Imewahi kulala nje, asubuhi ikaokotwa na umande juu yake. Bado inawaka. Wakati huohuo mashine ya kukunja ya binamu yake, ambayo ilikuwa ghali zaidi na ilitunzwa kwenye mfuko wake, ilipasuka bawaba, na kioo cha juu kikawa kinazimika ukiinyanyua vibaya. Nilipoipeleka kwa fundi aliitazama mara moja tu akasema, "Kaka, vya kukunja vyote vinafia kiunoni." Ndani ya bawaba unapita utepe mwembamba wa nyaya unaopeleka picha juu, unakunjwa na kunjuliwa mara elfu na elfu, na plastiki inayoushikilia ikipata ufa, siku zake zinahesabika. Wenye DS Lite duniani kote wanaujua ufa huo wa pembeni mwa bawaba. Kwa hiyo aliyeamua kuiondoa bawaba alikuwa anamfikiria mtoto. Hata vile vioo viwili vya 2DS ni paneli moja iliyofunikwa plastiki katikati, hivyo kuna kitu kimoja pungufu cha kuharibika.

Ina ubaya wake, sikatai. Kwa kuwa haijifungi, vioo vinabaki wazi, na ya mpwa wangu imejaa mikwaruzo kama meza ya shule. Bora mikwaruzo.

Kuna malalamiko ninayoyaheshimu. Game Boy ya mwaka 1989 ilikula betri nne. Mwaka 1996 wakaipunguza, ikaitwa Game Boy Pocket, ikawa inakula mbili, tena ndogo zaidi. Lakini za kwanza kabisa hazikuwa na ile taa nyekundu ya kukuonya kwamba betri zinaisha. Watu wakalalamika, na taa ikarudishwa. Nalipenda sana jambo hilo. Lalamiko lilikuwa juu ya kitu kidogo, chenye kazi, na aliyefaidika ni kila mtu aliyeishika mashine ile baadaye, hata yule aliyeipata imechakaa. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kioo chenye giza cha Game Boy Advance ya mwaka 2001. Watu walipiga kelele kwamba hawaoni kitu mpaka wakae chini ya balbu, na mwaka 2003 ikaja SP yenye taa ndani na betri ya kuchaji. Ilikuja bila tundu la kawaida la hedifoni, hivyo kelele nyingine zikaanza, nazo zilikuwa za haki.

Lakini ikiwa kuna toleo moja lililostahili hasira yote lililopata, ni PSP Go ya mwaka 2009. Ilikuwa ndogo, ya kuteleza, unaitia mfuko wa shati. Na haikuwa na mahali pa kuweka diski. Gemu zote ulizonunua kabla yake zikabaki mapambo, na gemu mpya unazipakua kwenye mashine, zinakaa humo. Juu ya hayo iliuzwa ghali kuliko PSP-3000 iliyokuwa bado madukani na inayosoma diski. Wenzetu wa Ulaya na Marekani walihesabu hasara ya diski zao. Kwetu hesabu ilikuwa kubwa zaidi, maana diski ile ndogo ilikuwa sarafu. Ulimpa mwenzako ya mpira, akakupa ya magari, mkarudishiana Jumapili baada ya kanisa. Mtoto asiye na mashine aliweza kumiliki diski moja, na diski hiyo ikampa zamu kwenye mashine ya mwenzake. Hilo lote linakufa gemu ikifungiwa ndani ya mashine moja. Sony waliacha kuitengeneza mwaka 2011, na sikuwahi kuisikitikia.

Juu ya PS Vita, mashine ya Sony iliyomrithi PSP, nitasema kidogo. Walipotoa toleo jembamba mwaka 2013, kioo cha OLED, kile cha rangi kolevu, kikabadilishwa kuwa cha LCD cha kawaida, na watu waliomboleza rangi. Ni kweli rangi zilikuwa nzuri. Lakini toleo hilohilo liliacha waya wake wa pekee likachukua micro USB, ambayo wakati huo ilikuwa imejaa kila duka la simu la Moshi, kuanzia mtaa wa Majengo hadi Pasua. Ningechagua hilo mara kumi. Ambacho hawakukigusa, na ndicho kilichohitaji kuguswa, ni kadi ya memori: iliendelea kuwa ya Sony peke yao, ghali, na ya simu haiingii.

Tuje kwenye Switch ya Nintendo, mashine unayoishika mkononi au unayoichomeka kwenye TV. Toleo dogo la mwaka 2019, Switch Lite, watu waliishambulia kwa jina lake: inaitwa Switch, yaani kubadili, na bado haiwezi kuchomekwa kwenye TV. Kwangu kasoro kubwa iko pengine. Switch ya kawaida unaichomoa pedi zake mbili, mmoja anashika hii na mwingine ile, watoto wawili wanacheza kwenye mkeka mmoja. Na stiki ikianza kujiendesha yenyewe, ugonjwa uliosumbua watu wengi hadi rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, akaomba radhi mwaka 2020, unachomoa pedi hiyo unampelekea fundi, mashine inabaki nyumbani. Kwenye Lite pedi zimeungana na mwili. Stiki ikiugua, mashine nzima inalazwa.

Na toleo la OLED la mwaka 2021 lilionewa. Watu walikuwa wamejiaminisha kwamba inakuja Switch yenye nguvu zaidi, yenye picha za 4K, na ilipotangazwa yenye chipu ileile, wakaitupa kabla ya kuishika. Mimi niliishika. Kioo cha inchi 7 ni kizuri, lakini kilichonigusa ni mguu wa nyuma. Wa zamani ulikuwa kijiti chembamba upande mmoja, ukipuliza kinaanguka. Huu mpya umeenea mgongo mzima. Ukiisimamisha juu ya meza ya barazani, watoto watano wanaona bila kugombana, na mbwa akipita chini ya meza haianguki. Mtu anayecheza peke yake chumbani kwake hatauona umuhimu wa mguu ule.

Switch 2 ya mwaka 2025 ni mashine mpya kabisa, lakini ubishi wake ni uleule, na wengi wamekazana na kioo kurudi LCD. Mimi wasiwasi wangu uko kwenye zile kadi zisizo na gemu ndani, zenye ufunguo tu wa kwenda kuipakua. Unaweza kumwazima mwenzako kadi hiyo, ndiyo, lakini naye lazima aipakue yote upya kabla ya kucheza. Kule kihambani, kwa bando la simu, gemu ya gigabaiti makumi ni mshahara wa mtu. Ningetamani hasira yote ile ya vioo ihamie hapo.

Binamu yangu anapanda na Switch 2 yake mwezi wa kumi na mbili. Juzi aliniuliza aniletee nini kutoka Dar. Nimemwomba apakue gemu zote hukohuko kabla hajaanza safari, asisahau chaja, na ile Switch yake ya zamani asiiuze, mpwa ameshaanza kuiulizia.