Siku niliyoosha hamonika za mzee wa watu kwa sabuni ya limau

Wanaonijua wanajua mi ni mtu wa usafi. Sijisifii, ni malezi tu. Nimelelewa na shangazi yangu Tanga, na kwa shangazi kitu kilichoguswa na mdomo wa mtu hakirudi kwa mwenyewe mpaka kimepita kwenye mabeseni mawili, la povu na la kusuuzia, na bakuli la jirani ukilirudisha na harufu ya mchuzi utasemwa mpaka Ramadhani ijayo. Nayasema haya mapema ili mkifika huko mbele mkianza kunihukumu mjue kesi ilianzia wapi.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, California, kibaridi na manyunyu yale ya kuudhi. Nilikuwa napiga kibarua kwenye ukumbi mmoja mdogo wa muziki, kazi yangu jikoni kuosha vyombo, ila wakizidiwa kule nyuma ya jukwaa wananiita nibebe spika. Siku hiyo ilikuwa inaingia ziara ya wapuliza hamonika, kile kinanda cha mdomo, wanazunguka mji hadi mji, wapulizaji watano na bendi yao wamebanana kwenye van moja, na usiku mzima ni wa kumuenzi marehemu Little Walter. Jina lenyewe nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, nilipopewa bango nibandike mlangoni.

Basi van imefika, jamaa msimamizi wa ziara ananiambia kwa haraka haraka nenda kwenye gari ulete "harps", zipo kama sitini hivi.

Sitini! Sasa kwa Kiingereza changu cha sekondari harp ni kinubi. Kile cha mfalme Daudi, kirefu kama mlango, nyuzi kibao. Nikajiuliza hii van imebeba vinubi sitini vipi na watu ndani yake, lakini kazini huulizi, nikaenda kuchukua lile toroli kubwa la kubebea meza, nikamwita na mwenzangu wa jikoni, Mkenya mmoja wa Nakuru, tukaenda wawili na kamba na mablanketi ya kufungia visikwaruzike. Dereva akatutazama, akatazama toroli, akatupa vijisanduku vitano kama vya mawakala wa bima. Kumbe kwa watu wa bluzi, ule muziki wa blues wa Wamarekani weusi, harp ndo hiyohiyo hamonika. Tukavisukuma vile vijisanduku juu ya toroli la meza mpaka ndani, maana aibu ya kurudisha toroli tupu ilikuwa kubwa zaidi.

Chumba cha wasanii akakaa mzee mmoja, mkubwa kuliko wote, kashapita sabini, mpole, anacheka na kila mtu. Akafungua sanduku lake mezani. Ndani kuna vijumba 14 vya mahameli, kila kijumba kina hamonika yake na herufi kwenye utepe. Nikamuuliza, mzee, zote hizi za nini na mdomo ni mmoja? Akacheka. Akasema kila hamonika ina ufunguo wake wa sauti, na kwenye bluzi hupigi ile ya ufunguo wa wimbo, bendi ikipiga E yeye anachukua ya A, kwa sababu utamu wa bluzi uko kwenye kuvuta pumzi, ukivuta ndo unaweza kuikunja noti ikalia kama mtu. Akavuta moja palepale, fupi tu. Aisee. Nilisikia kama mtoto kanyang'anywa andazi.

Afu akaanza kunipigia stori za Little Walter, na mzee akianza hasimami. Kijana wa Marksville, Louisiana, kazaliwa 1930, kaingia Chicago bado mdogo, kapiga na bendi ya Muddy Waters, mwanabluzi mkubwa wa huko. Mwaka 1952, ana miaka 22, akarekodi Juke, hakuna hata neno moja la kuimba mle ndani, ni hamonika tu, na ikakaa namba moja wiki nane kwenye chati ya R&B. Siri yake ilikuwa maiki. Alichukua maiki ya bei chee, kama ile ya wale wanaoita teksi redioni, akaikumbatia pamoja na hamonika ndani ya viganja viwili, waya ukaenda kwenye amplifaya ya gitaa, sauti ikajaa ikapasuka mpaka ukidhani ni saksafoni. Kuna waliotumia maiki kabla yake, mzee alikubali, ila wao walitaka kusikika tu, Walter alifanya umeme wenyewe uwe chombo. Akafa 1968, miaka 37, baada ya ugomvi wa mtaani, na kaburi lake likakaa bila jiwe mpaka 1991. Hapo mzee alinyamaza kidogo.

Mimi nasikiliza kwa heshima zote lakini, Mungu anisamehe, macho yangu yako kwenye zile hamonika. Yaani jamani. Chrome imekwanguka sehemu ya mdomo, kwenye vile vitundu kumi kuna utandu, na harufu ukiinama ni kahawa ya miaka, sigara, na supu ya siku isiyojulikana. Nikamwona shangazi kabisa amesimama pembeni kajifunga kanga kiunoni.

Saa kumi na moja jioni wakaenda kujaribu mitambo. Mzee kachukua moja tu mfukoni, sanduku kaliacha wazi mezani. Msimamizi akapita mlangoni mbio mbio, akanyooshea kidole ile meza, akasema sandwichi zinakuja na mi nifanye nini na zile harp. Yeye baadaye aliapa kuwa alisema "clear", yaani niziondoe mezani. Mimi nilisikia "clean", yaani nizisafishe. Herufi moja tu! Na mtu aliyelelewa na shangazi yangu ukimwambia kitu kama hicho ni sawa na kumwonyesha ng'ombe geti la shamba limeachwa wazi.

Nikazibeba zote jikoni kwa upendo. Beseni la maji ya moto, sabuni ya maji ya vyombo, ile ya limau, nikazitumbukiza zile 13 nikaziacha ziloweke kama nusu saa hivi huku nakata nyanya. Maji yakageuka rangi ya chai. Nikafurahi, nikasema si mnaona. Afu nikachukua mswaki mpya kabisa, nimeununua kwa hela yangu, nikapita kitundu kwa kitundu. Hapo kwenye kusuuza ndo sinki ikawa imejaa masufuria na mtu anapiga kelele milango inafunguliwa, nikazichovya mara moja kwenye maji safi, nikazipanga kwenye kichanja cha sahani, zinang'aa, nikawasha feni.

Mkenya wangu akaingia. Huyu anapiga gitaa kanisani, vitu hivi anavijua kidogo. Akasimama. "Buda. Hizo umezifanya nini?"

"Nimeosha."

"Hiyo ndani ni mbao, wewe!" Akashika kichwa. "Si pia ungeenda uchukue ile gitaa uiloweke? Piano je?"

Ndo nikajua muundo wa ile kitu, mwenzangu ananifundisha huku anatetemeka kwa kicheko. Hamonika ya aina ile ya mzee, Marine Band ya Hohner, ambayo Wajerumani wanaitengeneza tangu 1896, katikati ina kipande cha mti wa mpeasi kilichochongwa meno meno, wanakiita kitana, juu na chini kuna bamba zenye vijiulimi 20 vya shaba, halafu imepigwa misumari, huifungui hivihivi. Mbao ikinywa maji inavimba. Nikaishika moja, kweli, meno ya mbao yametokeza nje ya bamba kama fizi za mtu anayeumwa. Za plastiki zilikuwa nne, hizo salama. Tisa zilikuwa za mti. Nikajaribu kupuliza moja, ikatoa sauti ya kuku anayekabwa, nikaipiga piga pajani kama nilivyomwona mzee akifanya, ikatoa maji.

Hapa mtu mwenye akili angeenda kusema ukweli. Mimi nilizifuta nikazirudisha kwenye sanduku. Na zile herufi kwenye utepe, mnakumbuka? Mi nilidhani ni namba za kiwandani tu. Hamonika zote saizi moja, nikapanga zilivyokaa vizuri machoni.

Onyesho likaanza saa mbili usiku, ukumbi umejaa. Wapulizaji wawili wa mwanzo wakapita vizuri, mi niko pembeni ya jukwaa na chupa za maji, moyo unapiga kama ngoma ya mdundiko. Akaitwa mzee. Bendi ikaanza bluzi ya taratibu, E, piano inadondosha moja moja. Mzee hakutazama hata sanduku, ni miaka na miaka mkono wake unajua kijumba cha A kilipo, akachukua, akaifumbata na maiki kwenye viganja, akafumba macho, akavuta.

Jamani.

Sijui ile ilikuwa hamonika ya ufunguo gani, lakini A haikuwa. Mpiga besi aligeuka kama kaitwa jina. Mzee akafumbua jicho moja, akaitazama, akaipiga kiganjani, matone yakaruka mpaka kwenye miwani ya mpiga ngoma. Akachukua nyingine. Hii sasa ikawa inatoa noti moja kati ya tatu, pe, kimya, kimya, pe, akaongeza pumzi, akapuliza kwa nguvu zote za kifua.

Povu likatoka.

Kwanza kidogo tu, kama mtu anayeswaki. Afu likatokea puto moja kubwa kwenye kona ya hamonika, likavimba, likajitoa, likapaa. Taa ilikuwa ya bluu, likawa linameremeta rangi zote, linaelea taratibu juu ya watu na bendi inaendelea kupiga maana hakuna aliyejua cha kufanya. Mama mmoja wa mstari wa mbele akalinyooshea kidole, likapasuka, watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya shoo! Mzee akainusa ile hamonika. Akainusa tena. Akasogeza maiki, akasema polepole, mbele ya ukumbi mzima:

"Nani ameosha harp zangu na limau?"

Kimya. Nikamtazama Mkenya anisaidie. Mshenzi yule alikuwa ameshanielekezea midomo.

Kilichomuokoa mzee ni kwamba usiku ule jukwaa zima ni wapuliza hamonika. Mwenzake mmoja akatoa ya A mfukoni mwake, akaifuta kwenye suruali, fyu fyu mara mbili, akampa, na mzee akaiweka mdomoni palepale. Kwenye suruali! Shangazi angezimia. Lakini alipovuta ile ya kwanza, sauti ikajaa ukumbi mpaka nikasikia chupa za maji zinatetemeka mikononi mwangu, akaja kumalizia na Juke, wote watano wanapokezana, mi hapo nimesahau kabisa kama nina kesi.

Kesi ilikuwepo. Baada ya shoo nikaenda na barua ya kuomba msamaha kichwani na hesabu ya mshahara wa wiki uliokwenda. Mzee hela hakutaka. Akasema zamani wapo waliokuwa wanazichovya kwenye glasi ya maji, wengine kwenye pombe kabisa, zinalia kwa sauti kubwa usiku huo halafu zinaoza, kwa hiyo maji si jambo geni. "Lakini limau," akatikisa kichwa, "limau hapana." Adhabu yangu ikawa kumshikia tochi. Akatoa kisu kidogo cha mfukoni, akawa anakata ncha za yale meno yaliyovimba, moja moja, vipande vyembamba kama kucha za mtoto, meno tisa kila hamonika yakiwa kati ya vitundu, maana akiziacha hivo zinamchana midomo. Tukakaa mpaka saa sita usiku. Sita zikafufuka. Tatu zikakataa, akanipa moja niondoke nayo, ya C, tundu la nne ukivuta halisemi kitu. Mkenya mpaka leo ananiita Limau, na wengine jikoni wamefuata bila kujua sababu.

Nikiwa njiani kurudi nikampigia shangazi, Tanga ilishakuwa saa tano asubuhi. Shikamoo shangazi. Marahaba baba, mbona usiku huko, kuna nini? Nikamweleza yote, kuanzia vinubi, mzee, mbao, mpaka puto lilivyopaa watu wakashangilia. Akanisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo kwa shangazi si la kawaida. Nikajua hapa nitapata pole.

"Povu lilitoka?" akauliza.

"Lilitoka, shangazi."

"Basi hukusuuza."