Chungu kianze na kitunguu saumu

Tumeipa kube, kile kidonge cha kutia mchuzini, kazi isiyo yake. Katika nyumba nyingi za hapa Lubumbashi mboga inachemshwa, mafuta yanamwagwa, nyanya ya kopo inafuata, kisha mpishi anaonja, anakuta ladha haipo, anafungua vile vidonge viwili vya kutia mchuzini. Samaki tomson, kuku, maharagi, mboga ya lengalenga: vyote vinaishia na ladha ileile. Napinga jambo hilo kwa moyo wote. Na ninachotaka tukirudishe chunguni si cha hotelini: ni kitunguu saumu kilichopondwa vizuri, na ule uvumilivu wa mwanzo wa chungu ambao Wakreoli, watu wa Louisiana na Haiti wenye asili iliyochanganyika ya Afrika na Ulaya, wameutunza kuliko sisi.

Kule Louisiana, Marekani, vyungu vingi vya Kikreoli vinaanza na vitu vitatu vilivyokatwa vidogovidogo: kitunguu, seleri na pilipili hoho. Ukatoliki una mizizi mirefu huko, kwa hiyo watu wanaviita utatu mtakatifu, na kitunguu saumu kinachoingia baada yake wapo wanaokiita papa. Sasa nenda asubuhi soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, simama mbele ya mama anayeuza sombe, majani ya muhogo. Kando ya sombe amepanga nini? Vitunguu, seleri, puaro (liki), pwavro za kijani, yaani zile pilipili hoho, na kitunguu saumu kwa mafungu. Vyote vipo, vimewekwa pamoja kwa sababu yeye mwenyewe anajua vinaingia chungu kimoja. Hakuna cha kuagiza ng'ambo.

Wala kufanana huko hakukutokea bure. Bamia, inayoingia katika vyungu vingi vya Kikreoli, ni mmea wa Afrika. Ulivuka bahari pamoja na watu wetu waliouzwa. Katika karne ya 18, mateka wengi kutoka Kongo na Angola walipelekwa Saint-Domingue, ambayo ndiyo Haiti ya leo, nchi iliyojipatia uhuru wake 1804. Mwaka 1809, watu zaidi ya 9,000 waliokuwa wamekimbia vita vya kisiwa hicho na kuhamia Cuba walifukuzwa huko, wakashukia New Orleans, walio huru na walio watumwa, na mikono yao ikaingia katika upishi wa mji ule. Kisha njia ikageuka: baada ya uhuru wetu wa 1960, Wabelgiji walipoondoka, walimu na madaktari wa Haiti walikuja kufanya kazi Kongo, wengi wao wakiukimbia utawala wa dikteta wao, Duvalier. Na muhogo, mama wa sombe yetu, ulitoka Amerika ya Kusini na Wareno katika karne ya 16. Kwa hiyo mtu akiniambia vyakula vya Kikreoli ni vya wageni, namwomba aangalie tena sahani yake.

Wahaiti wana kitu wanachokiita epis, na ndicho ningependa kila jiko la hapa likijue. Ni kitunguu saumu, majani ya kitunguu, persili, majani ya kunukia ya tim, pwavro na pilipili kali, vinatwangwa pamoja na ndimu. Nyama au samaki analala ndani yake kabla hajaona moto. Ladha inaingia mpaka kwenye mfupa, wakati kube inabaki kwenye mchuzi tu. Kinu tunacho. Tunakiacha kikauke pembeni kwa sababu tumejifunza kukitumia kwa sombe peke yake.

Yupo mama mmoja wa New Orleans ninayemheshimu sana, Leah Chase, aliyefariki 2019 akiwa na miaka 96. Katika mgahawa wa familia yake, Dooky Chase's, kila Alhamisi Kuu kabla ya Pasaka alipika gumbo z'herbes, mchuzi mzito wa majani ya aina nyingi katika chungu kimoja. Watu walipanga kwenda kuula. Sisi hapa tuna lengalenga, matembele, bilolo, sombe, majani ya maboga, na bado mgeni akija tunaona haya kumwekea mboga, tunakimbilia kuku. Sioni sababu ya haya hiyo. Majani yaliyopikwa kwa mwanzo mzuri yanatosha kumkaribisha yeyote, askofu akiwemo.

Mwanzo mzuri ni huu. Mafuta kidogo kwenye sufuria, mbabula, jiko letu la makaa, isijae. Kitunguu, seleri na pwavro vinaingia pamoja na chumvi kidogo, unageuza, unaacha, unageuza tena, mpaka kitunguu kinalainika na harufu ya seleri mbichi inaondoka. Hapo ndipo haraka inapoharibu chakula. Wengi wetu tunamwaga maji baada ya dakika mbili, na tangu hapo ladha haipatikani tena ila kwa kidonge.

Kitunguu saumu kinaingia baadaye, kwa sababu kinaungua upesi, na kikishaungua kinakuwa kichungu na uchungu huo hautoki. Lakini kazi yake inaanza mapema. Punje nzima haina harufu kubwa. Harufu inazaliwa pale mchi unapoivunja: kimeng'enya kilichomo ndani (kitu kinachoanzisha mabadiliko), alinasi, kinakutana na kitu kingine cha punje hiyo, alini, na hapo inatokea alisini, yenye ule ukali tunaoujua. Moto unakiua kimeng'enya hicho. Ukiponda na kutupa papo hapo kwenye mafuta ya moto, umekatiza kazi katikati. Ponda na chumvi ya mawe mpaka kiwe uji unaonata kwenye mchi, kiache kama dakika kumi unapochambua majani, ndipo utie. Kitazungukwa na povu dogodogo na harufu itafika mpaka kwa jirani. Rangi ikianza tu kuelekea unjano, weka majani au nyanya haraka.

Najua yanayosemwa. Kwamba kinanuka, na mtu anaenda kazini au kwenye ibada. Kibichi, kweli kinanuka. Kikipikwa taratibu namna hii ukali unashuka na utamu unabaki. Kwamba kina bei kuliko kube. Hilo ni kweli pia, na simlaumu mama anayehesabu faranga za siku. Ila punje tatu zinatosha chungu cha watu sita, na si lazima vile vichwa vikubwa vyeupe vinavyotoka Uchina. "Yaya, chukua hii midogo, iko na nguvu," aliniambia muuzaji mmoja, na tangu siku hiyo ndiyo ninayonunua. Kuimenya kunachosha vidole, lakini mkononi tu unasikia tofauti.

Na tusome karatasi ya kube: mara nyingi chumvi ndiyo inayotangulia katika orodha. Tuna nkambo, yaani mababu na mabibi, na wazazi wenye tansio (shinikizo la damu) ndani ya nyumba, tunawanunulia dawa asubuhi na jioni tunawapa chumvi isiyopimwa. Ladha ya kitunguu saumu na ndimu inakuruhusu kupunguza chumvi bila mtu mezani kulalamika.

Jambo la mwisho, kwa wanaotaka kuanza wiki hii. Msitwange epis ya mwezi mzima. Umeme wetu mnaujua unavyokatika, na kitunguu saumu kilichozamishwa kwenye mafuta na kuachwa nje ya friji kinaweza kuzalisha sumu ya botulizimu, ambayo haina harufu wala rangi ya kukuonya. Twangeni ya siku hiyo, au ya kesho kama friji inafanya kazi. Tieni ndimu ya kutosha, na mafuta yangoje sufuriani.