Katuni za Watoto na Kikombe Kilichoanguka

Mtoto amechora kikombe ukingoni mwa meza. Kwenye kisanduku kinachofuata, vigae vimetapakaa sakafuni na paka anachungulia mlangoni. Kuanguka kwenyewe hakukuchorwa, lakini kila msomaji amekuona.

Kwa hilo tu naunga mkono watoto kufundishwa utunzi kwa katuni. Anayeandika insha aweza kujaza ukurasa kwa "halafu, halafu, halafu". Mwenye visanduku 6 lazima aamue lipi lionekane na lipi msomaji ajijazie. Tena atafute sauti: jiwe likitua majini ni chubwi, matopeni ni tapwi, mchangani ni pu. Sijui zoezi jingine linalomfanya mtoto ahangaikie tanakali za sauti kwa raha namna hiyo. Wala si jambo geni shuleni: Rodolphe Töpffer, aliyechapisha hadithi yake ya kwanza ya michoro mwaka 1833, alikuwa mwalimu mwenye shule ya bweni mjini Geneva.

Wapo waliozipinga katuni kwa hofu. Mwaka 1954, baada ya Seneti ya Marekani kuwahoji, wachapishaji walijiwekea kanuni za kuzichuja. Lakini hofu ile ilihusu watoto kusoma habari za uhalifu na vitisho, si watoto kutunga.

Hoja inayonisumbua ni nyingine: picha humeza lugha. Hadithi ya Kiswahili husimama kwa "-ka-": kikombe kikateleza, kikaanguka, kikavunjika, mama aliposikia kishindo, akaja mbio. Ndani ya katuni hubaki "Paa!" na kiputo cha "Nani kavunja?" Viunganishi vyote, "kwa sababu", "ingawa", "kabla hajafika", vimebebwa na mchoro. Mtoto akiishia hapo mwaka mzima, atakuwa hodari wa mazungumzo na bubu wa masimulizi. Na mwalimu akitoa alama kwa uzuri wa picha, asiyejua kuchora ameonewa, ilhali vijiti vyenye vichwa vinatosha kabisa.

Kwa hiyo kazi isikusanywe mchoro ukishakamilika. Apewe mwenzake aisimulie kwa mdomo, mtunzi akisikiliza bila kudakia. Msimulizi akisema, "Paka akaruka mezani, akakiangusha kikombe," mtunzi atang'aka: "Siyo paka! Ni upepo, dirisha lilikuwa wazi!"

Hapo ndipo apewe kalamu aandike.