Nani Atamkata Muzee Kucha?

Mtu akiwa kijana, miguu yake iko karibu. Anainama, anashika kidole, anakata kucha, anaenda zake. Ukifika miaka sabini na kitu, miguu inahama, tena haiagi. Vidole sasa vinakaa ng'ambo ya tumbo, ng'ambo ya goti linalolia kama mlango wa zamani, ng'ambo ya miwani. Ukivifuata huko chini kichwa kinazunguka, na ukirudi juu unakuwa umesahau ulishuka kufanya nini.

Na kucha zenyewe hazina habari kwamba mwenyewe amezeeka. Zinaendelea na kazi. Polepole, ndiyo: kucha ya mguu ya mtu mzima inasogea kama milimita 1.5 kwa mwezi, chini ya nusu ya mwendo wa kucha ya mkono, na uzeeni inapunguza hata hapo. Ungedhani hiyo ni nafuu. Wapi! Ile safari ambayo haiendi mbele, inaipandisha juu. Inakuwa nene, njano, imejikunja kidogo kama pembe ya mbuzi, na soksi mpya inatoboka siku ya kwanza.

Halafu sisi tumejichagulia mji wa kuteremka. Bukavu hapa, ukienda popote kuna kupanda, na kila aliyepanda lazima ashuke. Kupanda kunaumiza mapafu, lakini kushuka ndiko kunakoharibu kucha. Ukitoka juu kule Kadutu kushuka mjini, mguu unateleza ndani ya kiatu na kidole gumba kinagonga mbele kila hatua. Shina la kucha, lile lililojificha chini ya ngozi, likigongwa hivyo miaka arobaini linaanza kutoa kucha nene na iliyopinda. Muzee anasema ni uzee. Uzee upo, lakini na kiatu kipo: kile cha ngozi cha ibada, namba 41, kwenye mguu ambao siku hizi ni 43. Maana mguu nao unatanuka na umri, na hakuna anayeupima tena tangu harusi.

Dawa yake ni kipande cha karatoni. Muzee asimame juu yake jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, umchoree mguu kwa kalamu, ukate, uende nacho sokoni. Ukikiingiza kwenye kiatu na karatoni ikajikunja, rudisha kiatu, hata kama muuzaji anaapa kwamba kitafunguka. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya sentimita 1. Na kiatu kiwe na kamba au mkanda wa kukaza juu ya mguu, usiteleze kwenye mteremko. Kandambili ni za bafuni.

Sasa kukata. Kwanza nionyesheni chombo mnachotumia, nicheke mapema. Kuna nyumba ambamo kucha ya babu inakatwa na kile kikata kucha kidogo cha kwenye funguo, kilichotengenezwa kwa ajili ya mtoto. Mdomo wake haufunguki hata nusu ya unene wa kucha. Kuna nyumba za wembe. Wembe kwenye kucha ngumu unateleza, na ukiteleza hausimami mpaka ukutane na nyama. Kuna nyumba za mkasi wa fundi cherehani, huo sitaki hata kuuzungumzia. Kinachofaa ni koleo la kucha, lenye mikono mirefu na mdomo mfupi mkali, pamoja na tupa ya kucha. Viwili hivyo viwe vya muzee peke yake, kwenye kimfuko chake, visigeuke vya kukatia nyaya za redio.

Maji ndiyo yanayoleta ugomvi wa kwanza. Kucha nene ikiwa kavu ni sawa na muhogo mkavu: ukiibana inapasuka inakotaka yenyewe, na ufa ukielekea nyuma unafika kwenye nyama. Basi ilowekwe kwanza. Beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni ya kawaida, dakika 10 hadi 15. Mara mama mkubwa anapita anasema ongezeni chumvi. Jirani anachungulia dirishani anasema javeli kidogo inaua kila kitu. Kweli inaua kila kitu, na ngozi ya muzee imo. Javeli ibaki chooni. Maji uyapime kwa kiwiko chako wewe mwenye kukata. Usimwulize muzee kama ni ya moto, mguu wa zamani unaweza kusema uongo: unaungua huku mwenyewe anasimulia habari za zamani za mjini.

Mwenye sukari haloweki. Hapo watu wanashangaa, maana ndio tunaowahurumia zaidi na kuwawekea beseni kubwa zaidi. Kulowesha muda mrefu kunalainisha ngozi kupita kiasi, inapasuka kati ya vidole, na mlango wa vijidudu umefunguka. Yeye ananawa haraka, anakaushwa vizuri hasa katikati ya vidole, anakatwa kucha akitoka kuoga. Na kabla hujamgusa na koleo, jua kama miguu yake bado inasikia. Kuna kipimo kilichotoka Ipswich, Uingereza, hakihitaji hata sarafu. Muzee anafumba macho. Unagusa kwa ncha ya kidole chako, taratibu, sekunde 1 au 2, kidole chake cha kwanza, cha tatu na cha tano, kwenye miguu yote miwili. Jumla 6. Anasema "kulia" au "kushoto" kila anaposikia. Usisukume wala kutekenya, na usirudie kwa sababu unamwonea huruma. Akikosa 2 au zaidi kati ya hizo 6, miguu yake imeshapungukiwa hisia, na kucha zake zikatwe na muuguzi. Nyumbani mtaishia kuitazama kila jioni, na kioo chini ya unyayo.

Wengine tuendelee. Mchana, karibu na dirisha. Kila familia inakumbuka kucha saa mbili usiku, umeme ukiwa umekatika, na mjukuu ameshika tochi ya simu huku anaangalia simu yenyewe. Muzee akae kwenye kiti chenye mgongo, mguu uwe juu ya mapaja yako, na taulo chini. Vaa miwani hata kama huoni haja. Kipande cha kucha nene kinaruka kama harage kwenye kikaango, kinatua popote, mara nyingi kwenye sombe iliyoachwa wazi.

Kama kucha ni nene mno, usianze na koleo. Anza na tupa, upunguze unene kwa juu, kuelekea upande mmoja tu, si mbele na nyuma kama msumeno. Ilowe kidogo ili vumbi lisipae, na ufunge barakoa, kwa sababu vumbi hilo mara nyingine lina kuvu. Kisha koleo, kwa vipande vidogo vya milimita 2 au 3, kuanzia pembeni kwenda katikati. Ukitaka kuikata yote kwa mara moja utasikia "taa!", kisha utasikia muzee.

Kata moja kwa moja, mstari ulionyooka, ubakize weupe wa milimita 1 au 2 mbele. Pembe zenye ncha zilainishwe kwa tupa. Hapa ndipo kila mtu anapojifanya fundi: anazungusha pembe kama ya kidole cha bibi harusi, anachimba kwenye kona "kutoa uchafu", anaacha nyuma kijimwiba asichokiona. Kijimwiba kinakua kwenda mbele, kinaingia kwenye nyama, na wiki tatu baadaye muzee anatembea kwa kisigino. Wengine wamesikia kwamba ukikata alama ya V katikati, kingo zinajivuta kutoka kwenye nyama. Kucha inakua kutoka shinani, haina habari ya V yako iliyoko mbele.

Kona ikishavimba, ikawa na joto na usaha, acha kuichokoa. Kituo cha afya. Wanapiga sindano za ganzi kwenye shina la kidole, wanatoa ukanda mwembamba wa upande mmoja, na wakitaka usirudi wanachoma shina la upande huo kwa fenoli. Kucha nzima haing'olewi kwa sababu ya kona moja, ingawa muzee ataenda akiwa ameshaaga ukoo mzima.

Na damu ikitoka nyumbani? Kitambaa safi, bana dakika 10 kwa saa, bila kuchungulia kila nusu dakika kuona kama imekata. Anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda asikatwe na mjukuu mwenye haraka, basi.

Maana mjukuu ndiye chaguo la kwanza, tukubaliane. Ni wa bure mpaka aseme "koko, nipatie ya krediti". Chaguo la pili ni yule kijana anayepita na kikapu cha venisi, yaani rangi za kucha, na beseni dogo. Simdharau, ana mkono mwepesi kuliko sisi wote, na anajua kusikiliza habari za muzee bila kupiga miayo. Shida ni koleo lake. Limetoka kwenye mguu wa nani? Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi kwenye damu iliyokauka siku 7 au zaidi, na kitambaa alichojifutia shingoni hakiviondoi. Mtoleeni koleo lenu. Likishaoshwa kwa sabuni na kufutwa kwa alkoholi ya asilimia 70, liachwe likauke lenyewe. Mwambieni asikate ile ngozi nyembamba ya shina la kucha, ndiyo inayozuia vijidudu, na asikwangue kisigino kwa wembe. Venisi nyekundu kwa mama mzee ni haki yake ya msingi, ila itolewe mara kwa mara muone chini yake kuna nini.

Chaguo la tatu ni muuguzi. Ufaransa kuna watu wanaosomea miguu peke yake miaka 3 na kupewa diploma ya serikali. Miaka 3! Unacheka mpaka siku unapokutana na kucha ya muzee wako ana kwa ana, ndipo unaona walifupisha.

Kuna pia kucha ambayo siyo uzee wala kiatu. Inageuka njano au kahawia, inameguka kama mkaa wa mwisho wa gunia, na chini yake kuna unga. Hiyo inaweza kuwa kuvu. Inaweza, nimesema, kwa sababu karibu nusu ya kucha mbovu si kuvu hata kidogo, na watu wanameza vidonge bure. Kipande kipelekwe laboratuari kionekane kwa hadubini kwanza. Ikiwa ni kuvu kweli, daktari anaweza kuandika terbinafini, miligramu 250 kwa siku kwa wiki 12, baada ya kuhakikisha ini liko sawa na kuuliza dawa nyingine anazokunywa. Ugonjwa ukiwa mbele ya kucha tu kuna rangi ya dawa ya amorolfini ya asilimia 5, mara 1 au 2 kwa wiki, unaisugua kucha kwa tupa kabla ya kupaka, na unaendelea hadi mwaka. Ndiyo, mwaka. Kucha ya kidole gumba inachukua miezi 12 hadi 18 kujibadilisha yote, kwa hiyo ukimaliza vidonge itakuwa bado mbaya, na muzee atasema wamemwibia. Hawajamwibia. Angalieni shinani kama panatoka kucha safi. Mafuta ya mawese, mnayosifu kwa kila ugonjwa, yanalainisha ngozi tu, kuvu haiyaogopi. Kwa unene usio na kuvu kuna krimu ya urea ya asilimia 40, inapakwa usiku juu ya kucha yenyewe, si kwenye ngozi, kisha soksi.

Doa jeusi nalo. Ukijigonga, weusi unasogea mbele pamoja na kucha mwezi hadi mwezi. Usiposogea, au ukiwa mstari unaopanuka na kuchafua hata ngozi ya pembeni, usingoje Krismasi, nenda hospitali. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa saratani iliyoanzia chini ya kucha ya kidole cha mguu, na aina hiyo inatupata sisi wenye ngozi nyeusi hasa kwenye nyayo na kucha, mahali ambapo hatutazami.

Haya, mmemaliza. Mmekausha, mmefagia vipande, mmeandika kwenye kalenda ya parokia tarehe ya kurudi, wiki 6 hadi 8 mbele. Beseni limemwagwa, koleo limeoshwa, mjukuu ameshalipwa krediti na kutoweka. Muzee anavaa soksi. Soksi inakwama. Mmesahau kile kidole kidogo cha mwisho, kilichojikunja chini ya jirani yake, chenye kucha ndogo kama punje ya mchele iliyopasuka katikati, na ambacho hakionekani mpaka ukivute pembeni kwa mkono.

"Muiache," anasema muzee. "Hiyo ya mwaka ujao."

Rudisheni beseni.