Nilionywa Niogope Umati wa Mumbai

"Mwanangu, unamuuguza nani?"

Mama aliyekaa kiti cha jirani aliniuliza hivyo kabla ndege haijaruka Dar es Salaam. Hakukosea kuuliza. Kwetu mtu akisema anakwenda Mumbai, basi ana mgonjwa au anafuata mzigo. Yeye alikuwa na mumewe, mzee mwembamba aliyeegemea dirisha, anakwenda kupasuliwa moyo. Kijana wa ng'ambo ya njia alikuwa anafuata vitambaa. Nilipomwambia mama yule sina mgonjwa wala duka, naenda kutembea tu, alinigeukia mzimamzima.

"Peke yako?"

"Peke yangu, mama."

"Mh. Kule watu wengi, mwanangu. Wengi kupita kiasi."

Onyo hilo nilikuwa nimeshalisikia mwezi mzima, kwa dada zangu, kwa majirani, kwa wenzangu kazini. Umati utakumeza. Utaibiwa, utapotea, utashikwashikwa na hakuna atakayekusikia. Nimekaa Mumbai wiki tatu mwezi Januari, na nimerudi nikiamini kinyume chake kabisa: mwanamke anayetembea peke yake analindwa na watu, na pale palipokuwa na watu wengi zaidi ndipo nilipokuwa salama zaidi. Nitaeleza pia pale mji uliponiumiza. Tena nianze na hapo, maana ndipo safari yenyewe ilipoanzia.

Usiku wa kwanza nilikwenda kwenye nyumba ya wageni niliyoilipia kabla sijaondoka nyumbani, huko Andheri, karibu na uwanja wa ndege. Kijana wa mapokezi aliniangalia usoni, akaangalia pasipoti, akaingia ndani, akarudi kusema vyumba vimejaa. Nikamwonyesha risiti kwenye simu. Vimejaa. Papo hapo wageni wawili walioingia nyuma yangu wakapewa funguo. Waafrika wengi walioishi India watakusimulia kisa cha namna hii, na wanafunzi wetu walioko kule wana visa vibaya zaidi. Pale kaunta sikulia. Nililia nje, saa tano usiku, begi mkononi, kwenye barabara iliyojaa bajaji.

Mtaa ule ulikuwa bado macho. Duka la dawa la jirani lilikuwa wazi, muuza chai alikuwa anamimina, dereva wa bajaji aliyenileta alikuwa hajaondoka. Dada wa duka la dawa akatoka, akanipa maji, akanisikiliza, akapiga simu tatu. Ya tatu ilikuwa kwa shangazi yake, mjane wa Bandra mwenye chumba cha kupangisha. Kabla hatujaondoka aliisoma namba ya bajaji kwenye simu kwa sauti kubwa, tarakimu moja moja, dereva akisikia na muuza chai akisikia. Nikafika kwa bei ya mita. Ungekuwa mtaa wa kimya wenye kuta ndefu na mageti, kama ile tunayoiita mitaa salama, ningemgongea nani?

Kutoka Bandra kwenda mjini watu hupanda treni. Mumbai ilikuwa visiwa saba vilivyounganishwa kwa kufukia bahari, ndiyo maana mji umekuwa ukanda mwembamba mrefu: ofisi za zamani ziko ncha ya kusini, makazi yamejazana kuelekea kaskazini. Asubuhi watu wanamiminika kusini, jioni wanamiminika kaskazini, na reli ndiyo inayowabeba. Treni ya kwanza ya abiria India iliondoka hapahapa, Bori Bunder, tarehe 16 Aprili 1853, ikaenda Thane, kilomita 34. Leo treni za mjini hubeba mamilioni ya watu kila siku, na nilipokuwapo nauli ya chini ilikuwa rupia 5.

Kila treni ina sehemu ya wanawake. Ubavuni pamechorwa mwanamke, na usiku askari hupanda humo. Tangu mwaka 1992 kuna hata treni nzima za wanawake saa za kwenda na kurudi kazini. Stesheni ya Matunga, kwenye njia ya Kati, tangu 2017 inaendeshwa na wanawake pekee. Niliteremka pale makusudi, nikakata tiketi nisiyoihitaji, ili tu nizungumze na aliyeniuzia.

Sasa nieleze jinsi behewa hilo linavyofanya kazi, maana uzuri wake uko kwenye taratibu ambazo hazijaandikwa popote. Benchi ni la watu watatu. Anakuja wa nne, anasema "thoda sarko", sogeeni kidogo, na watatu wanasogea. Wa nne anakaa kwa paja moja, mguu mwingine uko njiani, na hiyo ni haki yake. Anayesimama humuuliza aliyekaa, "Kahan utarna hai?", unashukia wapi? Ukijibu Dadar, kiti chako kimeshapata mwenyewe, na hata akija mwingine mwenye nguvu zaidi, behewa zima litamkumbusha nani ameuliza kwanza. Stesheni mbili kabla ya kushuka unaanza kujongea mlangoni, ukimuuliza kila aliye mbele yako kama naye anashuka. Asiyeshuka anakupisha kwa kugeuza bega.

Hayo nilijifunza kwa kukosea. Siku ya pili nilitaka kushuka Mahalaxmi, nikapanda treni ya haraka, ambayo Mahalaxmi haisimami. Nilibanwa kiasi kwamba mkoba ulikuwa umeshikwa na viwiliwili vya watu, sikuhitaji kuushika. Tulikuwa tumeshapita Dadar ndipo msichana mmoja aliponiuliza ninashukia wapi. Nikamjibu. Benchi zima likaguna. Yakaanza mashauriano, Kimarathi huku, Kihindi kule, mama mmoja mwenye miwani akitoa hukumu, mwingine akiipinga. Mwisho wakaafikiana: nishuke Mumbai Central, nivuke daraja, nirudi stesheni moja kwa treni ya polepole. Yule mama wa miwani akanishika kifundo cha mkono akanipitisha kati ya watu kama anayevusha mtoto barabara, na treni ilipopunguza mwendo akaniambia kwa vidole: bado, bado, haya sasa. Nilipogeuka kumshukuru treni ilikuwa imeshaondoka.

Jioni hali ni nyingine. Wanawake wamechoka, wanarudi kupika, na upishi huanzia humohumo ndani ya treni. Wanachambua majani ya uwatu, wanamenya njegere kwenye mifuko, mabua na maganda yanabaki kwenye gazeti mapajani. Wachuuzi wanapita na hereni na vibanio vya nywele vilivyotundikwa kwenye ubao, na bangili zinajaribiwa watu wakiwa wamesimama. Mtu aliyekaa mbele yako ana asmini zilizotungwa kwenye nywele. Mimi nimelelewa Tanga. Harufu ile ilinifikisha harusini kwa bibi yangu kabla hatujafika Lower Parel.

Na maneno! Ukiwa peke yako masikio yanafanya kazi zaidi, huna wa kupiga naye soga. Treni yenyewe wanaiita gadi, yaani gari. Nilisikia pesa, nilisikia lakhi. Pale Mahalaxmi, ukisimama juu ya daraja la barabara unaona chini yake mabirika ya saruji mistari kwa mistari, wanaume wamezama maji hadi magotini wanapiga nguo kwenye mawe, na juu yao kamba za mashati meupe, kisha mashuka ya kijani, kisha suruali za bluu. Mahali hapo panaitwa Dhobi Ghat. Tangu utotoni nimesema "peleka kwa dobi" bila kujua kwamba nataja watu hawa. Upepo wa kaskazi unaovuma Januari ndio uleule ulioleta majahazi na maneno hayo pwani kwetu, na ukiwa pale unausikia unakupuliza mgongoni ukielekea nyumbani.

Sitaki mtu adhani naipamba. Milango ya treni nyingi haifungwi. Wanaume wananing'inia nje, wengine huvuka reli kwa miguu kwa haraka ya kuwahi, na kwa miaka mingi wamekuwa wakifa zaidi ya watu 2,000 kwa mwaka kwenye reli hizi. Hao ni watu waliotoka nyumbani wakienda kazini. Nilimwona kijana akichomoza mwili mzima nje ya mlango, kashika kwa mkono mmoja, mwingine unaandika ujumbe kwenye simu, nikafumba macho. Mji unaowaacha watu wake wafe namna hiyo una deni kubwa.

Lakini kuhusu behewa la wanawake sina wasiwasi. Najua hoja ya wanaolipinga: ukiwatenga wanawake umekubali kwamba wanaume hawafundishiki, na mwanamke atakayepanda behewa la kawaida ataambiwa kajitakia. Hoja ina uzito, na ile ya pili inanikera kwa sababu nimeisikia ikisemwa. Ila nimepanda daladala za Mbagala miaka sita. Najua kusimama na mkoba umeuweka nyuma kama ngao, najua kugeuka na kumtazama mtu usoni ili tu aondoe mkono, najua konda akiita "sogeeni nyuma kweupe" huku nyuma hakuna hata pa kukanyaga. Wanawake wanaoamka saa kumi alfajiri hawawezi kusubiri kizazi kijacho cha wavulana kilelewe vizuri. Wanataka kufika kazini leo bila kushikwashikwa. Kwenye treni zetu za mjini na mabasi yetu marefu, saa za asubuhi na jioni, sehemu moja itengwe. Rangi na alama tu zinatosha kuanzia.

Hata nje ya treni, watu ndio walionilinda. Nilikaa Marine Drive hadi saa nne usiku, kwenye ukuta unaopinda na ghuba, kulia kwangu wachumba, kushoto familia yenye watoto watatu na bibi, mbele yangu muuza karanga. Watoto waliniuliza kama mimi ni Siddi, maana wapo Wahindi wenye asili ya Afrika Mashariki kwenye pwani hiyo tangu karne nyingi. Nilipowaambia natoka Tanzania bibi yao akanimiminia karanga zake mkononi. Uchochoro mtupu wa nyuma ya soko la Crawford, saa nane mchana jua kali, ndio ulionitia hofu pekee ya wiki zote tatu.

Wiki ya mwisho nilikwenda kumwona yule mama wa kwenye ndege. Tulikuwa tumepeana namba. Mzee alikuwa ameshapasuliwa, anakunywa uji, anauliza habari za ligi. Mama mwenyewe ndiye aliyenyauka. Siku kumi na nane hakuwa ameona kitu isipokuwa wodi, duka la dawa la chini, na chumba walichopanga ng'ambo ya barabara. Alitamani kuzuru kaburi la walii Haji Ali akamwombee mumewe, akaogopa njia.

"Tutapanda treni," nikamwambia.

"Zile za kwenye picha?"

Kaburi la Haji Ali liko baharini, na njia ya kulifikia ni ukanda mwembamba wa saruji ambao maji yakijaa sana huzama. Mama ni mtu wa Pangani. Hakumuuliza mtu, aliangalia mstari wa unyevu kwenye mawe akasema, "Yanakupwa. Tuna muda." Njiani nilimweleza kwamba kwa miaka kadhaa wanawake walizuiwa kuingia chumba cha kaburi lenyewe, hadi Mahakama Kuu ya Bombay ilipoamua mwaka 2016 waruhusiwe tena. Akasimama katikati ya msururu wa watu, akanyanyua mikono. "Waliokwenda kusimama mahakamani Mungu awalipe." Ndani alikaa muda mrefu. Nilimsubiri nje, nikiwa nimeshika viatu vyake.

Kurudi ilikuwa saa kumi na mbili jioni, treni ya polepole, imejaa hadi mlangoni. Mama alinikamata mkono kwa mikono yake yote miwili. Tukasukumwa ndani, na kabla sijafungua mdomo sauti ikasema "anti, anti", ikafuata "thoda sarko", benchi likasogea, na mama akakaa kwa paja moja.

Aliyekaa naye alikuwa na fungu la uwatu kwenye gazeti. Mama akalitazama. Akatazama vidole vya yule mwanamke vinavyochambua. Kisha bila kuomba ruhusa akachukua kikonyo kimoja, majani mfukoni, bua kwenye gazeti, akachukua cha pili. Mwenye fungu akamwangalia mikono, akaligawa gazeti, akamsukumia nusu mapajani.

Kufika Dadar walikuwa wamebakiza kidogo. Msichana aliyesimama akainama akauliza, "Kahan utarna hai?"

Mama hakuinua kichwa. "Mwambie Bandra," akaniambia, "lakini asiniharakishe."