Alama A ya tovuti na laptopu ya fundi: kampuni ndogo za uhandisi wa viwandani zilinganishwe kwa kipi?

Meneja wa kiwanda anayetafuta kampuni ya kumfungia paneli za udhibiti na kumwandikia programu ya PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo) amezoea kulinganisha bei, uzoefu na muda wa kukabidhi kazi. Sasa limeongezeka swali jingine: kampuni hii imejikinga vipi na wadukuzi? Swali ni la haki, ila kulipima ndiko kugumu. Kampuni yenye wahandisi sita, mhasibu mmoja na magari mawili haina idara ya usalama wa mtandao, na vipimo vingi vilivyopo vilibuniwa vikilenga mabenki na makampuni makubwa.

Asiyeona sababu ya kuhangaika na kampuni ya watu saba aitazame Stuxnet, kirusi kilichogunduliwa mwaka 2010 na kilichoharibu mashine za kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walipofuatilia nyayo zake mwaka 2014 walikuta kwamba walioambukizwa mwanzo kabisa ni mashirika matano ya nchini humo, mengi yakiwa kampuni za uhandisi na za mifumo ya kudhibiti mitambo. Kiwanda chenyewe hakikuwa kwenye intaneti; kirusi kinaaminika kupitia kwao. Mwaka 2013 maduka ya Target ya Marekani yaliibiwa taarifa za kadi za benki zipatazo milioni 40, na nywila iliyowafungulia wezi mlango ilikuwa ya Fazio Mechanical Services, kampuni ya mafriji na viyoyozi ya Pennsylvania. Mkandarasi mdogo huwa na funguo za wateja wengi, na thamani yake kwa mdukuzi iko hapo. Pesa iliyo kwenye akaunti yake ni jambo la pembeni.

Njia ya kwanza ya kulinganisha ni alama ya nje, inayotolewa na kampuni za kupima usalama kwa mbali. BitSight hutoa alama kuanzia 250 hadi 900, SecurityScorecard hutoa herufi A hadi F, na wapo wengine. Hawaingii ofisini kwa mtu. Wanachungulia kinachoonekana kutoka mtaani: poti (milango ya kompyuta kwenye mtandao) zilizo wazi, vyeti vya tovuti vilivyoisha muda, rekodi za SPF, DKIM na DMARC zinazothibitisha nani anaruhusiwa kutuma barua pepe kwa jina la kampuni, nywila zilizovuja, na kompyuta za kampuni zinazoonekana kuwasiliana na seva za wahalifu.

Utetezi wa njia hii una uzito kuliko wahandisi wengi wanavyokubali. Mzabuni hawezi kuidanganya kwa maneno matamu. Wazabuni 30 wanapimwa kwa siku moja bila kuomba ruhusa ya mtu. Zaidi ya hapo, inakamata mambo mawili yanayoangusha kampuni ndogo kila mara. La kwanza ni poti 3389 ya Windows, ya kuiendesha kompyuta kwa mbali, kuachwa wazi kwenye intaneti ili bosi afungue hesabu akiwa nyumbani. Wanaosambaza programu za kufunga mafaili na kudai fidia wanaisaka poti hiyo usiku na mchana. La pili ni domeni ya barua pepe isiyolindwa, ambapo mtu yeyote anaweza kumwandikia mteja wako kwa jina lako: “akaunti yetu ya benki imebadilika, ankara ya awamu ya pili lipeni hapa.” Rekodi ya DMARC iliyowekwa p=none inatazama tu; inayozuia ni quarantine au reject. Hata hivyo hiyo reject haisaidii kitu kama mwizi ameshaingia kwenye sanduku halisi la mhasibu. Hapo kinga ni uthibitishaji wa hatua mbili, na alama ya nje haiuoni. Na kampuni inayotuma ankara kwa anwani ya bure ya Gmail haina domeni ya kupimwa hata kidogo.

Udhaifu wa njia hii unaonekana ukiweka kampuni mbili za kubuni bega kwa bega. Ya kwanza ina tovuti ya kurasa nne, barua pepe ya Microsoft 365 iliyopangwa vizuri, na alama A. Fundi wake mkuu anazunguka na laptopu moja ya Windows 7, mfumo ambao Microsoft waliacha kuupa masasisho tangu Januari 2020, kwa sababu toleo lake la zamani la STEP 7, programu ya Siemens ya kuandikia PLC, halikubali kwenda kwenye Windows mpya. Antivairasi imezimwa kwa kuwa ilikuwa ikigombana na leseni. Diski haijafungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kuficha mafaili. Ndani kuna folda moja iitwayo WATEJA, na kila kiwanda kimeachiwa AnyDesk, programu ya kuingia kwa mbali, iliyo wazi muda wote kwa nywila ile ile.

Kampuni ya pili ina tovuti ya WordPress iliyosahaulika na cheti kilichoisha muda, hivyo imepewa D. Lakini wahandisi wake wana mashine pepe (kompyuta ya programu ndani ya kompyuta) moja kwa kila mteja, ile STEP 7 ya zamani imefungiwa humo bila intaneti, na njia ya kuingia kiwandani kwa mbali ni VPN, njia ya mtandao iliyofungwa kwa siri, ambayo mteja mwenyewe huiwasha kwa kugeuza swichi mlangoni mwa paneli, na kuizima kazi ikiisha. Anayechagua kwa herufi peke yake atachukua kampuni ya hatari zaidi, tena atakuwa na karatasi ya kujitetea mbele ya bodi.

Kwa kampuni ndogo kipimo hiki kina kasoro nyingine mbili. Tovuti yake huwa kwenye seva ya kukodi pamoja na tovuti za watu wengine, kwa hiyo uchafu wa jirani unaweza kuandikwa kwa jina lake. Kubwa zaidi ni ruta za 4G. Fundi anaifunga moja ndani ya paneli kwenye kituo cha pampu, anaweka laini yenye anwani ya umma isiyobadilika, anafungua poti 502 ya Modbus au 102 ya Siemens, zinazotumiwa kuzungumza na PLC, ili asisafiri kilomita 200 kwa ajili ya kubadilisha namba moja. Anwani hiyo imesajiliwa kwa kampuni ya simu. Mashine ya kutoa alama haiwezi kujua kwamba aliyeiacha wazi ni mkandarasi huyu. Mdukuzi naye hahitaji kujua ni ya nani. Novemba 2023 mamlaka ya maji ya Aliquippa, Pennsylvania, ilivamiwa kupitia PLC ya Unitronics, na tahadhari ya serikali ya Marekani iliyofuata ilitaja poti 20256 iliyo wazi pamoja na nywila ya kiwandani (ile ambayo kifaa hutoka nayo kwa mtengenezaji), 1111. Hapakuhitajika utaalamu wa Stuxnet.

Njia ya pili ni kampuni kujipima yenyewe. Mfano ulioendelezwa zaidi ni wa wizara ya ulinzi ya Marekani, ambayo karakana na kampuni za uhandisi zinazoiuzia na kushika taarifa zake nyeti, hata zile ndogo, hujipima kwa masharti 110 ya NIST SP 800-171, mwongozo wa usalama wa taarifa wa taasisi ya viwango ya Marekani. Kila sharti linalokosekana hukatwa pointi 1, 3 au 5. Aliyekamilisha yote ana 110. Aliyekosa yote anafika hasi 203. Uzuri wake ni kwamba unaonyesha uzito. Kukosa kabisa uthibitishaji wa hatua mbili ni pointi 5, wakati baadhi ya makaratasi ni pointi 1. Na asiye na mpango wa maandishi wa usalama wa mfumo wake hapati alama yoyote.

Ubaya wake uko kwenye kalamu ya anayejaza. Kampuni ya MORSECORP ya Massachusetts iliweka alama ya 104 mwanzoni mwa 2021. Mwaka 2022 mshauri wa nje aliwaambia kwamba alama halisi ni hasi 142. Waliirekebisha katikati ya 2023, wakati wito wa serikali wa kudai nyaraka ulikuwa umeshawafikia, na mwaka 2025 walikubali kulipa dola milioni 4.6 kumaliza kesi. Tofauti ya pointi 246 haitokani na kuteleza kwa kalamu. Kwa upande mwingine, sheria yenye meno ndiyo iliyoifichua. Dodoso la maswali 80 ambalo mnunuzi wa kwetu anaambatanisha kwenye zabuni halina meno hayo: kila mzabuni atajibu “Ndiyo” mara 80, na mwaminifu aliyejibu “Hapana” mara 12 ndiye atakayeonekana dhaifu. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinahusu taarifa za watu. Programu ya PLC na mchoro wa paneli haviko humo.

Vyeti nitavipitia haraka. ISO 27001, cha usimamizi wa usalama wa taarifa, ni cheti cha maana, ila soma mipaka yake: kampuni inaweza kuthibitishwa kwa ofisi ya makao makuu peke yake, na gari la huduma likabaki nje. Cyber Essentials ya Uingereza, iliyoanza 2014, ina maeneo matano tu ya kinga na inataka mapengo makubwa yazibwe ndani ya siku 14. Ni sharti jema kwa kompyuta ya mhasibu, lakini kwa PLC inayozungusha tanuru ni ndoto. Kinachogusa kazi hii hasa ni IEC 62443-2-4, kilichoandikwa kwa ajili ya watoa huduma wa mifumo ya udhibiti: kinauliza kuhusu kuingia kwa mbali, akaunti, nakala rudufu na masasisho. Kampuni ndogo zenye cheti hicho ni za kutafuta kwa tochi, lakini hakuna anayemkataza mnunuzi kuyatumia maswali yake.

Njia ya tatu ni kwenda kuona. Nusu siku ofisini kwao inatosha. Waombe wachukue mradi mmoja kutoka kwenye nakala rudufu na kuupakia kwenye PLC ya mezani, huku laptopu ya kila siku ikiwa imezimwa. Yanayokwama hapo yanafundisha kuliko dodoso lolote. Leseni iko kwenye laptopu iliyozimwa. Mradi ulifunguliwa na toleo jipya la TIA Portal, programu mpya ya Siemens ya kuandikia PLC, ukapandishwa, na sasa toleo lililopo kwa mteja haliwezi kuufungua. Kilichohifadhiwa kilivutwa kutoka kwenye S7-300, PLC ya Siemens, kwa hiyo majina na maelezo ya mhandisi hayamo, yamebaki mafungu ya anwani tupu za kumbukumbu kama M10.3 na DB40 ambayo hata aliyeyaandika hayatambui. Skrini ya opereta imebaki na faili la kuendeshea tu, chanzo hakipo. Kampuni isiyoweza kurudisha mradi mezani haitaweza kuurudisha kiwandani saa nane usiku.

Halafu omba orodha ya viwanda wanavyoweza kuviingia kwa mbali, na tarehe ambayo mfanyakazi wa mwisho aliyeacha kazi alifungiwa njia hizo. Majina ya wateja yafunikwe. Mkandarasi anayekuonyesha nywila za mteja mwingine ili akufurahishe ameshajibu swali lako.

Wanaopinga ukaguzi wa aina hii wana hoja. Kampuni ya watu saba yenye wateja kumi haiwezi kupokea wakaguzi kumi, kila mmoja na fomu yake. Hizo ni siku za mhandisi zisizolipwa. Ukaguzi hutegemea pia jicho la mkaguzi, hivyo wawili wanaweza kutoa majibu mawili, jambo ambalo mashine ya alama hailifanyi. Na mnunuzi mwenye wazabuni 12 hana siku sita za kutembea. Ndiyo sababu naona alama ya nje isitumike kupanga nani wa kwanza na nani wa tano, itumike kama chekeche: 3389 wazi, poti ya PLC wazi kwenye anwani za kampuni, au nywila zilizovuja na hazijabadilishwa, mzabuni arekebishe kwanza ndipo aendelee. Tofauti ya B na C kwa kampuni yenye tovuti moja haina maana yoyote. Dodoso lipunguzwe liwe maswali kumi yenye ushahidi. Kutembelewa watembelewe wawili waliobaki mwishoni, na gharama ya nusu siku hiyo aibebe mnunuzi.

Upo pia ukweli ambao wanunuzi hawapendi kuusikia. Udhaifu mwingi unaohesabiwa kwa mkandarasi uliagizwa na mteja. Ni mteja aliyetaka TeamViewer kwa sababu alikataa kulipia VPN. Ni mteja aliyegoma kusimamisha laini kwa saa mbili ili kifaa kisasishwe. Katika shambulio la Triton la mwaka 2017 kwenye kiwanda cha petrokemikali Saudi Arabia, wavamizi waliweza kuandika kwenye kidhibiti cha usalama cha Triconex kwa kuwa ufunguo wake ulikuwa umeachwa kwenye nafasi ya PROGRAM, inayoruhusu programu kubadilishwa. Ufunguo huo uko kiwandani, na mlinganisho wa wakandarasi hauwezi kuugeuza.

Kwa hiyo kipimo cha mwisho kiingizwe kwenye mkataba, kwenye siku ya makabidhiano. Nywila za kiwandani zibadilishwe mteja akiwa amesimama pale. Ufunguo wa kidhibiti urudishwe RUN, kisha utolewe. Laini ya ruta isajiliwe kwa jina la kiwanda. Chanzo cha programu na cha skrini kikabidhiwe kikiwa na namba ya toleo lililotumika kukiandika. Na ile sehemu ya malipo inayobakizwa hadi kipindi cha matazamio kiishe isitolewe kabla fundi wa kiwanda, si wa mkandarasi, hajarudisha mradi kutoka kwenye nakala hiyo na mtambo ukawaka.